Kuchapia na Mahakimu Wake

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia ofisi za walimu mpaka magrupu ya WhatsApp, kwamba anayejua Kiingereza ni yule anayeliona kosa la Kiingereza. Mpe sentensi kumi mbovu. Akizinyoosha zote, huyo kasoma. Akichapia yeye mwenyewe mbele za watu, awe daktari wa upasuaji au mhandisi wa madaraja, atachekwa mpaka ajutie kufungua mdomo, na wanaomcheka watajiona wametoa huduma kwa taifa. Shule zinaiuza imani hiyo kwenye mabango yao, tuisheni zinaiuza kwa saa, na vijitabu vya makosa ya kawaida ya Kiingereza vinatandazwa juu ya maturubai kando ya barabara, katikati ya vitabu vya ndoto na vya ujasiriamali.

Wanaoishika si wajinga, kwa hiyo tuwasikilize kwanza. Wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kosa la sarufi linaharibu maana, na maana ikiharibika kwenye mkataba, cheti cha hospitali au ripoti ya mhandisi, kuna mtu atalipa. Ya pili ni ya soko: mwajiri mwenye barua mia mbili za maombi ya kazi hana muda wa kutafuta kipaji kilichojificha nyuma ya "I am having a diploma", anaiweka barua pembeni na kufungua nyingine. Ya tatu ni ya darasani: mtoto asiyesahihishwa atabaki na kosa lake mpaka uzeeni, na mwalimu anayeliacha lipite anakula mshahara wa bure.

Ni hoja nzito, na kila moja ina punje ya ukweli. Tabu ni mavuno yake. Mtoto anakutana na Kiingereza tangu shule ya msingi, na kuanzia kidato cha kwanza anasomea karibu kila somo kwa lugha hiyo. Anasahihishwa miaka yote hiyo. Mwisho wa safari wengi hawawezi kuandika ukurasa mmoja wa kueleza jambo wanalolijua vizuri. Dawa ikitolewa miaka kumi na mgonjwa asinyanyuke kitandani, mwenye akili huitazama chupa. Sisi tunaongeza dozi.

1. Sheria hizo alizitunga nani?

Wawindaji wa makosa huizungumzia sarufi ya Kiingereza kana kwamba ilishuka kutoka Sinai. Sheria nyingi kati ya zile zinazotia watu aibu zina mtu aliyezianzisha, jina lake linajulikana, na mara nyingi mwaka pia.

Ile ya kukataza sentensi kuishia na kihusishi, kwa mfano, inafuatiliwa hadi kwa mshairi John Dryden, aliyeitumia mwaka 1672 kumkosoa Ben Jonson, mwandishi aliyekuwa kaburini miaka thelathini na mitano na hivyo hakuweza kujibu. Baadaye Dryden aliyarudia hata maandishi yake mwenyewe na kuanza kuving'oa vihusishi vya mwisho. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu kidogo cha sarufi kilichosomwa sana, naye akaigusia tabia hiyo. Sentensi yake ya kuieleza inaishia na kihusishi. Wengi wanaamini alikuwa anatania. Waliomfuata hawakucheka, na sheria ikapanda meli hadi kwetu bila utani wake.

Lowth huyo alijaza tanbihi za kitabu chake kwa makosa aliyoyaokota kwa Shakespeare, kwa Milton na katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza. Yaani ushahidi wake kwamba sheria zipo ulikuwa orodha ya wakubwa wa lugha hiyo wasiozifuata.

Kuna kisa kizuri zaidi. Mwaka 1660 George Fox, kiongozi wa madhehebu ya Quaker, alishiriki kutoa kitabu kizima cha kuwakaripia Waingereza waliokuwa wakimwambia mtu mmoja "you". Neno hilo ni la wingi, alisema. La mtu mmoja ni "thou". Kwa historia ya lugha yake alikuwa sahihi kabisa. Akashindwa vibaya, na leo anayemwambia mwenzake "thou" sokoni London atadhaniwa anaigiza. Kosa lililoshinda linaitwa sarufi, na mtoto wetu anachapwa kwa kutolijua. Halafu karne moja na ushee baadaye, ni Quaker mwingine, Lindley Murray, aliyeandika vitabu vya sarufi vilivyotawala shule za Uingereza na Marekani.

Ichukue na "they" ya mtu mmoja. Kwa vizazi mwanafunzi aliyeandika "everyone took their bag" alikatwa alama, akatakiwa kuandika "his". Waingereza wameitumia "they" hiyo tangu karne ya 14, Jane Austen kaimwaga riwaya nzima nzima, na mwaka 2019 chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hutumika vyuoni duniani kote, kiliiidhinisha rasmi. Waliokatwa alama hawakurudishiwa.

Sisemi lugha haina utaratibu. "She go yesterday" si Kiingereza sanifu cha popote, na mwanafunzi anayetaka kufanya kazi kwa Kiingereza hana budi kuijua "went". Ninachosema ni kwamba kwenye kapu la makosa yanayowindwa kuna kanuni halisi za lugha zilizochanganywa na ugomvi wa mabwana wa karne ya 17 na 18, na wawindaji wetu hawazitenganishi. Wanatoza faini ileile kwa zote.

2. Zoezi la watoto wa wengine

Hili la "tafuta kosa katika sentensi ifuatayo" lina historia yake, na wanaolitumia hawaijui, maana wangeijua wangesita. Anayesifiwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuliweka katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza ni mwalimu Ann Fisher wa Newcastle, miaka ya 1740. Aliyelieneza ni huyo Murray, aliyetoa sarufi yake mwaka 1795 baada ya kuombwa kitabu cha kufundishia wasichana wa shule moja ya York, kisha mwaka 1797 akatoa kitabu cha mazoezi kilichojaa sentensi zilizoharibiwa makusudi ili wanafunzi wazinyooshe.

Wasichana wa York walikuwa wanakisikia na kukizungumza Kiingereza tangu wakiwa wachanga. Walikiota usingizini. Walikuwa hawatafuti lugha. Walikuwa wanahamishwa kutoka Kiingereza cha jikoni kwenda Kiingereza cha sebuleni. Msichana wa namna hiyo akisoma sentensi mbovu, sikio linashtuka kwanza, sheria inafuata kueleza kwa nini limeshtuka.

Sasa mpe zoezi hilohilo mtoto wa kidato cha pili Kahama, ambaye Kiingereza anakisikia kwa mwalimu tu, na mwalimu mwenyewe, kwa hali tunayoijua, anafundisha nusu ya kipindi kwa Kiswahili ili aeleweke. Anapewa hii: "Neither of the boys have brought their books." Anaambiwa kuna kosa, alitafute.

Mwangalie anavyofanya. Hana sikio la kushtuka. Kwa hiyo anawaza kama mpelelezi: neno gani hapa linaonekana geni? "Neither" ndilo hajazoea, analipigia mstari. Anakumbuka kwamba mwalimu hupenda kuficha kosa kwenye kitenzi, anafuta, anahamia "brought", anaibadilisha kuwa "bring". Jirani yake ana mbinu bora: anajua baada ya "the boys", ambao ni wengi, "have" iko sawa, kwa hiyo haigusi. Huyo wa pili kafikiri vizuri, kwa sheria aliyofundishwa wiki iliyopita, na bado anakosa. Jibu la kwenye kitabu ni "has brought his". Lakini Waingereza wenyewe husema "have" hapo kila siku, na hiyo "his" ndiyo ileile tuliyoona imestaafishwa. Wanafunzi wawili wamekosa swali ambalo jibu lake lina mgogoro, na hakuna kati yao aliyejifunza kusema chochote kuhusu wavulana, vitabu, au kwa nini havikuletwa.

Likigeuzwa kuwa swali la kuchagua herufi, hali inakuwa mbaya zaidi. Kwenye herufi nne, asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne. Tuisheni nzima zimejengwa juu ya kuipandisha nafasi hiyo kwa mbinu: kagua kitenzi kwanza, tafuta 's', ukiona "although" na "but" pamoja kata moja. Ni mbinu za kujua mtunga swali amejificha wapi. Kiingereza hakimo.

Haya si maoni ya mchovu mmoja. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake wawili walikusanya tafiti za uandishi, na hitimisho lao kuhusu sarufi ya nadharia liliwaudhi wengi: faida yake katika kuboresha uandishi ni ndogo mno kuonekana, na inaweza hata kudhuru, kwa sababu inakula muda ambao mwanafunzi angeutumia kuandika. Zingatia kwamba watoto wa tafiti hizo ni wa nchi ambako Kiingereza kipo kila kona, na bado muda wa kuandika ulikuwa ghali. Sisi ambao muda huo ndio pekee tulio nao, tunaugawa bure.

3. Hesabu ya madaftari

Tuje kwenye hoja ya mwalimu mvivu anayeacha makosa yapite. Darasa lina wanafunzi sabini, na wengi watasema nimepunguza. Insha moja ya ukurasa mmoja, ukiisahihisha kila kosa kwa uaminifu, inakula dakika tano kwa uchache. Sabini mara tano ni dakika 350, karibu saa sita, kwa insha moja ya mkondo mmoja. Mwalimu ana mikondo mitatu. Anaongoza na michezo. Ana shamba.

Mwalimu huyo akiambiwa kila kosa lazima lisahihishwe, anafanya jambo la busara: anaacha kutoa insha. Anaandika ubaoni sentensi ishirini zenye nafasi za kujaza, wanafunzi wanabadilishana madaftari, anasoma majibu, wanapeana pata na kosa, kengele inalia. Mkaguzi akija anakuta madaftari yamesahihishwa yote. Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa popote: sheria ya kusahihisha kila kitu imezaa madarasa ambayo hakuna kinachoandikwa. Wanafunzi wanamaliza muhula wametia maneno ya katikati kwenye sentensi mia za mtu mwingine, bila kutunga aya moja ya kwao.

Na insha zinazobahatika kuandikwa? Chukua sentensi ya aina hii, ambayo mwalimu yeyote wa Kiingereza atakiri ameshaiona ndugu yake: "My grandmother she is sick since Sunday and we was carry her to dispensary by bodaboda, me I was hold her back so that she don't fall."

Kalamu nyekundu hapo inasherehekea. "She" imerudiwa bure, "is sick since" ibadilishwe, "we was" kosa, "carry" kosa, "dispensary" haina "the", "me I" kosa, "hold" kosa, "don't" kosa. Duara nane kwenye mistari miwili. Pembeni imeandikwa: "Poor grammar. Be serious."

Soma tena sasa ukiwa umeweka kalamu chini. Unamwona bibi juu ya pikipiki, mjukuu nyuma amemshika asidondoke. Hakuna kilichofichika: nani, lini, wapi, kwa chombo gani, na kwa nini mtoto alikaa nyuma. Kuna mantiki ndani ya mengi ya makosa hayo. Kiswahili kinaruhusu "bibi yangu yeye" na "mimi nilikuwa", hakina "the", na hiyo "was carry" ni ya mtu aliyeshaelewa kwamba Kiingereza kinataka alama ya wakati uliopita mahali fulani, ila bado anatafuta mahali. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder aliandika makala iliyobadilisha fikra za walimu wengi wa lugha, akisema makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani, na kwa mwalimu ni taarifa ya alikofika. Duara nyekundu huisoma taarifa hiyo kama kesi ya jinai.

Mtoto naye si mjinga. Insha inayofuata anaandika: "My grandmother is sick. She is in the hospital. I am sad." Hakuna kosa hata moja. Anapata pata na "Good, improved." Bodaboda imepotea, mkono mgongoni umepotea, Jumapili imepotea. Amejifunza somo ambalo hakuna mtaala uliolipanga: andika kidogo, andika ulichokariri, usijaribu sentensi usiyokuwa na hakika nayo. Ndilo analokwenda nalo chuo kikuu na kazini, na huko tunamlaumu kwamba hawezi kuandika ripoti.

Wataalamu wenyewe wamepigana juu ya hili. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha ya pili hakufai, na kuachwe kabisa. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba ameenda mbali mno, kwamba masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na kueleweka huwasaidia wanafunzi. Mimi niko karibu na Ferris. Lakini angalia mpaka wa ugomvi wao ulipo: upande mmoja usahihishe kwa kuchagua, upande wa pili usisahihishe. Kumwaga wino mwekundu kwa kila kosa linaloonekana, ambako ndiko kwetu kunaitwa bidii, si msimamo wa yeyote kati yao.

4. Sentensi safi zinazopoteza watu

Hoja ya kwamba kosa huharibu maana na maana huligharimu taifa huletwa na mfano mmoja maarufu: kesi ya mkato wa jimbo la Maine, Marekani. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya muda wa ziada, kesi ikategemea mkato mmoja uliokosekana kwenye orodha ya kazi zisizolipiwa muda huo. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwapa madereva haki, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Basi wawindaji hupiga meza: mnaona thamani ya mkato?

Tunaona. Tunaona pia kwamba sheria ile iliandikwa na wazawa wa Kiingereza, wasomi wa sheria, na kwamba mwongozo wa uandishi wa sheria wa jimbo lao ulikuwa unawaelekeza wasiuweke mkato huo. Walifuata kanuni, na kanuni ikaacha utata. Ukiipa sentensi ile mwindaji wa makosa angeipitisha. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kujiuliza: msomaji mwenye shida zake ataielewa vipi hii?

Swali hilo halimo kwenye zoezi lolote la kutafuta makosa, na ndilo linalotuangusha sisi. Daktari mgeni anamuuliza mgonjwa wetu: "You haven't taken the medicine?" Mgonjwa hajanywa dawa. Kwa Kiswahili angejibu "ndiyo, sijanywa", akikubaliana na alichosema daktari, kwa hiyo anasema "Yes." Daktari anabaki hajui amejibiwa nini, na akilichukua jibu kama lilivyo, ataelewa kwamba dawa imenywewa. Tafuta kosa la sarufi kwenye neno "Yes". Halipo. Hakuna duara nyekundu ya kuzungushia hapo, na bado kati ya mifano yote ya makala hii ndilo linaloweza kumuua mtu.

Au kondakta anayemwambia mtalii "The bus leaves at two o'clock", akiwa na maana ya saa mbili asubuhi. Sentensi ina "the", kitenzi kina "s" yake, mwalimu yeyote angempa pata. Mtalii anafika saa nane mchana, basi limeondoka saa sita zilizopita. Au kijana wa mapokezi, mpole kabisa, anayemwambia mgeni "You wait there", kwa sababu kwa Kiswahili "subiri pale" ikisemwa kwa tabasamu haina ubaya, na mgeni anaondoka akisema hoteli ile watu wake hawana adabu. Sarufi safi. Biashara imepotea.

Kwa upande wa pili, "discuss about", "informations", "return back" na "cope up with", ambazo ndizo mkate wa kila siku wa vijitabu vya makosa, hazijampoteza mtu yeyote njia. Nenda Nairobi, Lagos au Mumbai, baadhi yake utazisikia midomoni mwa maprofesa. Anayezisikia anaelewa papo hapo. Tunatumia nguvu zetu zote kwenye makosa yasiyodhuru, na yale yanayodhuru hatuna hata jina lake, kwa sababu hayaonekani kwa kalamu.

5. Anayechekwa ni nani

Mwaka 1981 Joseph Williams, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha makala kuhusu makosa ya lugha katika jarida la walimu wa uandishi. Mwishoni akafichua kwamba ndani ya makala hiyohiyo alikuwa amepanda kwa makusudi makosa yapatayo mia. Wasomaji wake, watu waliolipwa kuona makosa, wengi walikuwa wameyapita bila kuyaona. Walimsoma kama profesa, kwa hiyo walisoma alichosema. Insha ya mwanafunzi wangeisoma wakitafuta, na wangepata.

Hapa kwetu kanuni hiyo inafanya kazi bila jarida. Mzungu akisema "mimi napenda sana watu ya Tanzania", ukumbi unalipuka kwa makofi, na siku ya pili yuko kwenye runinga. Kiongozi wetu akisema "peoples of Tanzania", kipande cha video kinazunguka wiki nzima na vikaragosi vya kucheka. Makosa ni ya aina moja. Hukumu imetoka kwa kuangalia nani amesimama kizimbani.

Wala wanaohukumu hawana uchungu na sarufi kama sarufi. Ungewapata kwenye Kiswahili. Mtu anayemkejeli mwenzake kwa "she don't" anaandika "hiyo kitu amenambia ivo" na haoni tabu. Shule moja niliyowahi kuipita ilikuwa na bango getini linalowaonya wanafunzi wasizungumze Kiswahili, lililoandikwa kwa Kiingereza "This is a English speaking zone". Mtoto akivunja amri hiyo anaadhibiwa. Aliyechora bango alilipwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi watoto wa Kenya ya ukoloni walivyofungwa vibao shingoni kwa kukutwa wakisema Kigĩkũyũ. Tumeondoa kibao, tumebakiza uoga, na tunaulipia ada.

Hapo ndipo hoja ya soko nayo inapogeuka. Ni kweli mwajiri huiweka pembeni barua yenye "I am having a diploma". Lakini anaweza kuiweka pembeni kwa sababu sisi wenyewe tumekubali kwamba kosa hilo lina habari kuhusu akili ya mwandishi. Habari pekee iliyomo ni kwamba baba yake hakuwa na hela ya shule ya Kiingereza tangu chekechea. Kama mwajiri anatafuta habari hiyo, aiulize waziwazi kwenye tangazo la kazi.

6. Simu imeshaichukua kazi hiyo

Sina mengi ya kusema hapa kwa sababu mjadala umekwisha bila kutungoja. Programu kama Grammarly, iliyoanzishwa na vijana wa Ukraine mwaka 2009, na nyingine zilizokuja nyuma yake, hunyoosha "we was carry" kabla hujainua kidole. Barua zote za kazi sasa zinaweza kuwa safi. Ujuzi uliotumika miaka yote kuwatenga watu umekuwa kitu cha kubonyeza, kwa mwenye bando. Mashine hiyo itamwondolea mjukuu wa bibi duara zote nane. Lakini haijui kwamba alikaa nyuma, na kama tulishamfundisha kuandika "I am sad" tu, haina cha kunyoosha.

Watauliza: kwa hiyo tuache kusahihisha? Mwalimu achague kosa moja au mawili kwa wiki, yale yanayomzuia mwanafunzi wake kueleweka, ayafundishe mpaka yaingie, na mengine ayaache mpaka mwezi ujao. Insha sabini azisome kwa dakika mbili kila moja, aandike pembeni swali moja kuhusu kilichosemwa: bibi alipona? Aina ya "Yes" ya mgonjwa ifundishwe darasani kwa kuigiza, pamoja na saa na adabu za kuomba. Hayo yanawezekana kesho asubuhi bila bajeti ya wizara.

Wanaotunga mitihani ndio wenye ufunguo, maana mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Maswali ya kuwinda kosa yameshamiri kwa sababu ni rahisi kusahihisha: herufi moja, pata au kosa, mbele kwa mbele. Yafutwe. Mahali pake iwekwe aya moja ambayo mtahiniwa anaitunga mwenyewe, na alama nyingi ziende kwa kueleweka. Itachukua siku nyingi zaidi kusahihisha na itahitaji wasahihishaji wengi zaidi. Walipwe.